Nani Ameingia Kwenye Laini?

Jumapili, 1 Februari

Bwana, wewe uliyemwita Samweli naye akaamka akamkimbilia Eli, akidhani ni mzee kamwita, uulinde mkono wangu ninapoandika haya.

Barafu bado imeng'ang'ania ngazi za nyumba zetu hapa Haltom City, lakini kanisa lilijaa. Zoé wangu alikuja kutoka Houston na rafiki anayekaa naye kule Stafford, binti wa Kimasai anaitwa Naserian, mrefu mpaka akainama mlangoni. Anasomea udaktari, si wa sindano, wa kompyuta. Mchungaji Kalume akampa nafasi baada ya matangazo.

"Utafiti wangu ni swali moja tu," akasema. "Wewe uko hapa, mtu wako yuko mbali, na katikati kuna mitambo ya watu msiowajua. Utajuaje ni yeye? Na yeye atajuaje ni wewe?"

"Sisi tunaye Roho Mtakatifu," Mchungaji akamchokoza.

"Amina, Pastor. Na bado nasikia juzi mlipigiwa na yule jamaa wa bima ya uongo."

Kanisa likaangua kicheko, kwa sababu ni kweli, na aliyeingia mkenge ni Mchungaji mwenyewe.

Anataka watu wa kumsaidia mpaka mwezi wa tano. Tutapigiwa simu, nyingine na watu tunaowajua kweli, nyingine na mashine inayoiga sauti zao. Kazi yetu ni kuandika: nani kapiga, tumeamini au hatukuamini, na kwa nini. "Mistari miwili inatosha, Mama," akaniambia. Mimi huyo nimeshajaza ukurasa.

Akatuambia pia kila mtu achague neno la siri na watu wake, lisisemwe kwenye simu wala kuandikwa. Theodora, jirani yangu, anayetunza wazee kule Fort Worth, akapasua kicheko. "Mama Zoé na siri! Sisi mimba yake ya Zoé tuliijua mbele hata baba yake hajajua!"

Nilicheka nao. Ni kweli, moyo wangu hauna mlango.

Jumatano, 4 Februari

Leo king'ora cha tonado, kile kimbunga cha huku, kimelia mchana, kama kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ni cha majaribio. Ghalani, ninakopaki mizigo, hakuna aliyeinua kichwa.

Ijumaa, 13 Februari

Simu ya kwanza ya Naserian. Sauti ya Theodora ikaniuliza kama nina sufuria kubwa ya kuazima. Sikuamini. Kwa nini: Theodora haombi sufuria, anaingia jikoni anaichukua.

Jumapili, 22 Februari

Leo nimeongea na Wilondja. Mdogo wangu, wa mwisho, na sasa ndiye aliyebaki. Wengine wote niliozaliwa nao wako udongoni. Namuandika hapa ili Naserian ajue: huyu ndiye mtu wangu wa mbali.

"Yaya, umenenepa," akasema. Kwetu yaya ni dada mkubwa.

"Hujaniona hata picha!"

"Nimesikia. Hata sauti imenenepa. Amerika inakula na weye unakula."

Nikamsikia Orpa, mkewe, akicheka kwa nyuma, kisha akakohoa kwa muda mrefu. Nikauliza. Akasema ni vumbi. Wilondja akasema huko milimani watu wameanza kuteremka na magodoro vichwani, kwamba risasi zinasikika upande wa juu. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha.

Nilitaka kumwambia habari ya neno la siri. Nikaona nitamtisha, na tena Naserian alisema lisisemwe kwenye simu. Sasa utalichaguaje na mtu aliye Kongo, ukishakatazwa simu? Hilo sikumuuliza.

Jumapili, 1 Machi

Simu ya Wilondja haipatikani.

Jumatano, 4 Machi

Haipatikani. King'ora. Mawe ya barafu yamepasua kioo cha gari la Theodora.

Jumapili, 8 Machi

Saa zimesogezwa mbele. Sasa nikiamka kwetu ni mchana wa saa nyingine. Haipatikani.

Jumatano, 11 Machi

Leo nililia kwenye laini ya maombi.

Kwa ajili ya Naserian nieleze. Alfajiri kabla ya kazi tunapiga namba moja, wote, kutoka hapa na Houston, hata wachache kutoka nyumbani. Hakuna anayemuona mwenzake. Mtu akiingia simu inapiga "tiii," na Mchungaji Kalume anauliza, "Nani ameingia kwenye laini?" Unajibu jina, unabarikiwa, maombi yanaendelea. Wengine wanaomba wakiendesha gari, wengine wakikaanga mayai. Ndilo kanisa letu hasa, kuliko hata lile la Jumapili. Mchungaji anarekodi kila kitu na kuweka mtandaoni, na namba ya kuingilia anaiweka chini yake, ili walio mbali wafarijike.

Nilitoa ule ushuhuda wangu. Wanaujua, lakini walisema, "Mama Zoé, turudishie imani." Nikaeleza tulivyokimbia vita ile ya kwanza, mimi msichana, Wilondja mtoto wa miaka mitano hivi, nimembeba mgongoni, mama kabaki nyuma. Tulivyojificha kwenye matete, askari wakipita karibu hata nikaona kamba za viatu vyao. Mtoto akafungua mdomo alie. Nikamtia kipande cha muhogo. Akatafuna, akanyamaza, wakapita. Yule aliyemlinda kwa muhogo, nikasema, ndiye atakayemlinda leo, yeye na Orpa wake na kikohozi chake.

Watu waliomba mpaka nikachelewa kazini.

Jumamosi, 21 Machi

ATUKUZWE! Nimepata ujumbe wa Wilondja!

Ni kwa namba yake ile ile, kwa wasap, ujumbe wa sauti: "Yaya, ni miye. Mtandao ni mbaya, siwezi kupiga, nitatuma sauti tu. Tuko hai. Yule Mungu wa muhogo uliyenitia mdomoni bado anatulinda. Orpa anakohoa lakini anakusalimia." Sauti yake kabisa. Nilipiga magoti hapo hapo pa kuegesha magari nje ya duka, mbele ya watu na mikokoteni yao.

Akasema simu yake itazima wakati wowote, anataka kuunganisha yangu na yake tusipotezane tena. Nitaletewa namba kwenye simu yangu, nimtumie. Ikaja, nikamtumia. Ningemtumia hata figo.

Naserian, huyu andika: nimeamini. Kwa nini: ni ndugu yangu.

Jumatatu, 23 Machi

Sijui nianzie wapi.

Jana asubuhi wasap yangu ilinitoa nje. Nikadhani ni simu mbovu. Kumbe "mimi" niko ndani ya kundi la maombi, natuma ujumbe kwa sauti yangu, ninalia kwamba ndugu yangu ametekwa, watu wanisaidie haraka kabla jua halijatua kule. Sauti yangu! Na jinsi ninavyovuta pumzi kabla ya kusema "jamani." Theodora alikuwa wa kwanza kutuma pesa. Alichokuwa ameweka akiba ya kioo cha gari kimekwenda chote. Wengine wakafuata.

Yule hakuwa Wilondja. Zoé amenieleza kwa simu, polepole, kama mtu anayemvisha mtoto viatu. Mtu ana simu ya ndugu yangu. Amesikiliza mazungumzo yetu ya zamani, amesikiliza shuhuda zangu zilizojaa mtandaoni, na mashine imemtengenezea sauti. Ile namba niliyompa ilikuwa ufunguo wa akaunti yangu.

"Mom, I told you never give the code." Kweli aliwahi kunionya, namba kama hiyo haipewi mtu.

"Aliniambia habari ya muhogo, mwanangu."

"Mom. Everybody knows the muhogo."

Kila mtu anajua muhogo. Nimeyarudia maneno hayo siku nzima nikipaki. Na kama simu yake iko kwa mwizi, yeye mwenyewe yuko wapi?

Ijumaa, 27 Machi

Zoé amefanikiwa kuirudisha akaunti yangu. Theodora hajaingia jikoni kwangu tangu Jumatatu. Ananisalimia kwa adabu. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 1 Aprili

King'ora. Leo mbingu ilikuwa nyeusi kweli, na bado hakuna aliyeinua kichwa.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Mariamu alimuona Bwana kaburini akamdhania mtunza bustani. Mchungaji alihubiri hilo na nikahisi kila mtu ananiangalia kisogo. Nafsi yangu ikajibu: mara nyingine, bora udhani ni mtunza bustani.

Alhamisi, 9 Aprili

Leo adui alituingilia kwenye maombi na Bwana ametupa ushindi. Nataka kuandika yote vizuri wakati bado nakumbuka kila neno.

Tulikuwa katikati ya kuombea wagonjwa. "Tiii." Mchungaji akauliza, "Nani ameingia kwenye laini?" Upepo, na kuku kwa mbali. Kisha sauti, kama ya mtu aliyemeza mchanga:

"Aksanti Mchungaji. Ni miye Wilondja. Natafuta dada yangu. Bernadette."

Nikaishika simu kwa mikono miwili.

"Wilondja wa wapi?" Mchungaji akauliza.

"Yaya, uko? Simu yangu walininyang'anya njiani. Hii ni ya kuazima. Yaya, naomba mumuombee Orpa, hali yake..."

Nikamkata. Nilikuwa nimejiapiza kwamba mara hii sitakuwa mjinga. Nikauliza jina la mama. Akajibu. Jina la mto. Akajibu. Lakini yote hayo niliwahi kuyasema kwenye laini. Sauti haikuwa yake, Wilondja ana sauti nyororo, na huyu alikuwa anakwaruza, maneno yanakatika na kurudi. Nikasema, "Haya, pale kwenye matete nilikutia nini mdomoni?"

Akasema, "Chumvi."

"Nini?"

"Chumvi, Yaya. Ilikuwa chumvi."

Nikapiga kelele. "Si yeye! Si yeye, Mchungaji! Hajui hata muhogo!"

Basi hapo Mchungaji Kalume alisimama kama simba. "Wewe roho ya udanganyifu, unayevaa sauti za watu, toka kwenye laini hii!" Na watu wote wakapokea, "Toka! Toka kwa jina la Yesu!" Nilimsikia Theodora kuliko wote. Na mimi nilisema toka. Yule akawa anaita katikati ya makelele, "Yaya, Orpa anataka tu..." na Mchungaji akabonyeza, akamtoa. "Tiii."

Tukaimba. Namba ile Mchungaji alinipa nikai-block.

Kabla sijatoka kwenda kazini Theodora alikuja na sufuria yangu kubwa, aliyoichukua mwaka jana. Akaiweka mezani, akafungua friji yangu bila kuuliza. "Leo umepigana vita, mama," akasema. Nikalia kwa furaha.

Naserian: sikuamini. Kwa nini: nimejifunza.

Ijumaa, 10 Aprili

Mchungaji ameweka namba ya siri ya kuingilia kwenye laini. Asiye na namba haingii. Nimelala vizuri mara ya kwanza tangu Machi.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua. Katika kupaki nilijikuta nawaza: mwizi alikuwa anataka nini? Hakuomba hata senti. Nikaliondoa wazo hilo kwa Zaburi.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimeteremka Houston kwa ajili ya utafiti. Barabara yote mawingu yalinifuata. Zoé amepika, kachoma wali, hatukusema kitu.

Naserian aliniweka mezani pale pale Stafford, akanivalisha vile vya masikioni. Akasoma nilichomtumia. Alipofika kwenye siku ya ushindi akasoma mara mbili. Akaitafuta rekodi ya Mchungaji mtandaoni, maana ipo, kila kitu kipo, akaiweka kwenye mashine yake.

"Mama, hii mashine inakadiria kama sauti ni ya mtu au imetengenezwa. Yule wa kwenye laini inasema haimwamini."

Nikashusha pumzi. "Si nilijua."

"Ngoja. Yule wa Machi, wa muhogo, inamwamini."

"Lakini yule ndiye mwizi!"

"Ndiyo. Mwizi alikuwa na sauti safi. Simu mbovu inaichanganya mashine yangu, hata mtu aliyelia siku mbili inaichanganya. Siwezi kukudanganya Mama, hapo ndipo utafiti wangu umekwama." Akavua miwani. "Watu wote wanaogopa kosa moja, kumfungulia mwizi. Kuna la pili, kumfungia mwenye nyumba. Na kila ukikaza mlango kwa ajili ya la kwanza, unaliongeza la pili."

"Naserian, aliulizwa akakosea."

"Yule wa Machi alikosea wapi?"

"Hakukosea popote."

"Popote kabisa?" Kisha akasema kama anajisemea, "Mimi na ndugu zangu, kuna ng'ombe alitukanyaga tukiwa wadogo. Mpaka leo tunagombana alikuwa wa rangi gani."

Nilimwambia Zoé kichwa kinauma, nikaenda kulala mchana. Sikulala. Nilimkasirikia yule binti, Mungu anisamehe, kama mtu anavyomkasirikia daktari kabla hajasoma vipimo.

Jumatatu, 27 Aprili

Leo baada ya kazi nilikwenda londri. Sarafu za kufulia huwa nazifunga kwenye pindo la kitenge, kama mama alivyofunga kila kitu chake. Fundo likakaza kwa jasho. Mikono ilikuwa imejaa nguo, nikalitia mdomoni nilifungue kwa meno.

Chumvi. Jasho langu na chuma, lakini ulimi ulisema chumvi, na mwili wangu wote ukarudi kwenye matete.

Hakukuwa na muhogo. Muhogo tungeutoa wapi, tuliokimbia bila hata viatu? Kulikuwa na kitenge cha mama, alichomfunga nacho mtoto mgongoni kwangu, na kwenye pindo lake chumvi aliyonunua sokoni siku ile. Nilimpa mtoto pindo anyonye. Muhogo uliingia baadaye, sijui lini, labda kambini Nyarugusu, labda hapa. Nimeusimulia mara nyingi mpaka nikaacha kukumbuka siku yenyewe, nikawa nakumbuka ushuhuda. Mwizi alijifunza kwangu, ndiyo maana alisema kama mimi. Wilondja hakuhitaji kujifunza kwa mtu. Alikuwepo.

Na mimi nilisema toka.

Mashine zilizunguka na nguo za watu. Mwanamke wa Kimeksiko akaniletea kiti.

Jumanne, 28 Aprili

Nimeifungulia namba ile. Haipatikani. Haipatikani. Haipatikani.

Jumatano, 29 Aprili

Nimemuomba Mchungaji aondoe namba ya siri, laini iwe wazi kama zamani, na aandike chini ya rekodi zake kwamba ndugu wa Mama Zoé anasubiriwa Alhamisi. Alikuja nyumbani, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Mama, hata mwizi atasoma."

"Atasoma."

"Nina kondoo walioumizwa. Nikiwafungulia mbwa mwitu tena, nitajibu nini mbele za Mungu?"

"Na wewe na mimi tutajibu nini kwa yule tuliyemfukuza?"

Akajifuta uso. Si mtu mbaya, Mchungaji. Aliogopa tu, kama mimi. Theodora alikuwa jikoni akikata vitunguu, na yeye ndiye aliyepoteza kuliko wote. Akatokea na kisu mkononi.

"Mchungaji, ule mdomo uliosema toka ni wangu pia, na nilisema kwa nguvu. Fungua laini."

Nilimpigia Naserian pia. Akasema, "Mama, ile chumvi usiitumie kumpima. Imeshasikika kwenye rekodi, hata mwizi anaijua sasa. Tafuta kingine ambacho hakijawahi kutoka." Nikatafuta jioni nzima ndani yangu kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Ni aibu jinsi nilivyotafuta.

Alhamisi, 30 Aprili

Laini ilikuwa wazi. Mchungaji alizima kurekodi. Hatukuomba kwa sauti, tulingoja, na kila mlio moyo uliruka: dada wa Houston, mzee wa Dallas aliyesahau miwani, basi.

Jumatano, 6 Mei

King'ora. Leo niliinua kichwa.

Alhamisi, 7 Mei

"Tiii."

"Nani ameingia kwenye laini?" Mchungaji aliuliza kwa sauti ndogo, kama anaogopa kuuzima mshumaa.

Kuku. Upepo.

"Wilondja," nikasema. "Ni mimi, Yaya."

"Kila mtu anasema ni Yaya." Ile sauti ya mchanga. "Mwezi wa tatu nilipata simu ya kuazima nikakuandikia, ukanijibu kwa sauti yako. Ukasema kuna faili yangu ya kuja Amerika, nitume hela ya kuifungua. Nikauza baiskeli. Kisha ukanyamaza. Nikakutafuta kwenye maombi, mukanifukuza kama shetani. Sasa mumeandika munanisubiri. Weye ni yupi?"

Siku zile mwizi alikuwa ndani ya akaunti yangu. Ndipo nikaelewa lile swali la Naserian la siku ya kwanza, nusu yake ambayo niliipita: na yeye atajuaje ni wewe?

"Niulize," nikasema. "Niulize wewe."

Akafikiri. "Chumvi munaijua wote sasa. Iliisha vipi?"

Bwana, asante kwa vitu ambavyo sikuvisimulia. Nikamwambia: ulipofika kwenye fundo ukalifungua kwa meno, na jino la mbele likabaki kwenye kitenge. Ulitaka kulia kwa sababu ya jino, si kwa sababu ya askari. Nilikuonyesha kwa ishara kwamba tutalifukia. Tukalifukia kwenye matope.

Kisha nikasikia analia, na kilio chake nilikijua. Hakikuwa kimezeeka hata kidogo.

"Yaya."

"Niko hapa."

"Orpa alikwenda, Yaya. Siku ya pili baada ya ile mulionifukuza. Hakukuwa na baiskeli ya kumpeleka kituo cha afya. Siku ile sikutaka kitu. Alisema tu, nisikie dada yako akiomba."

Mchungaji Kalume alianza, "Ndugu yangu..." akashindwa. Theodora ndiye aliyeanza kuomba, polepole, kwa Kibembe, na hakuomba kwa ajili ya ushindi wowote.

Jumapili, 10 Mei

Tumeongea tena leo, sisi wawili peke yetu, kwa ile simu ya kuazima. Nilimuomba msamaha. Alisema, "Nakusikia." Hakusema amesamehe, na sikumsukuma. Nilimuombea Orpa kwa sauti, mpaka mwisho, kama alivyotaka, huku nikijua nimechelewa. Kikohozi chake cha Februari nakisikia bado nikifunga macho.

Kisha nikamwambia habari ya neno la siri, ili asije mtu akasimama tena katikati yetu. Akauliza tutalichaguaje kwenye simu.

"Unamkumbuka yule mbuzi wa mama, aliyekula kitambaa cha meza ya Bwana?"

Kisha, mara ya kwanza, nikasikia kitu kama pumzi ya kicheko. "Na mzee wa kanisa akamkimbiza hadi mtoni."

"Jina lake."

"Jina lake si..."

"Usilitaje!" nikapiga kelele. "Wilondja, usilitaje!"

Akanyamaza. Analijua. Mimi nalijua. Theodora ameniuliza mara mbili leo, akiwa na mkono ndani ya friji yangu, na nimemwambia apakue chakula.

Naserian, mwanangu, daftari hili nakutumia lote kama nilivyoahidi. Jina la mbuzi halimo.